Vifaranga na Chungu cha Mchanga

Singida Mjini,
Julai

Mama mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje na huo ukungu wa Tukuyu? Mimi ni mzima kabisa, na leo naandika nikiwa na majivuno, kwa hiyo univumilie.

Barua yako ya mwisho ilisema nikishindwa na hawa kuku nirudi nyumbani, nisione aibu. Nilikuelewa. Tangu kiwanda cha alizeti kiuzwe na sisi makarani tupunguzwe, mnaona nimebaki huku kwa ukaidi tu. Na kweli nilikuwa nimejiapia kwamba vifaranga hawa wakifa, nafunga mizigo.

Walifika kwa basi kutoka Dar, kwenye maboksi yenye matundu. Jirani yangu Mama Hadija, ambaye hununua kuku wa kienyeji vijijini na kuwapeleka huko huko Dar, alicheka mpaka akakaa chini.

"Atupele, wenzio tunatoa kuku Singida, wewe unawaleta? Tena hawana mama. Utawaatamia wewe?"

"Nina taa," nikamjibu. "Taa ndiyo mama yao."

Mama yao akazimika kesho yake mchana. Transfoma ya mtaa iliungua, tukaambiwa mafundi wanasubiri kifaa, na kifaa chenyewe hakijulikani kiko wapi. Na usidhani baridi mnayo ninyi wa Tukuyu peke yenu. Julai huku upepo unaingia hata kwenye tundu la kitasa. Vifaranga wakajirundika kwenye kona moja, wanalia, wa chini wanakandamizwa.

Nikawasha jiko la mkaa, nikaliingiza ndani, nikaziba madirisha kwa magunia. Nilijiona mjanja sana. Baada ya muda kelele zikapungua, nami nikafurahi kwamba wametulia, hadi nilipohisi kichwa kinanigonga na kuwaona wanalegea shingo. Kumbe hewa ya mkaa ilikuwa inatumaliza sote. Nikatoa jiko mbio, nikafungua mlango, na upepo nao ukaingia. Watatu hawakuamka. Nilikaa kizingitini nikalia, mama, sikufichi.

Hapo ndipo nilipokukumbuka. Ulikuwa unapasha tofali jikoni, unalifunga kwenye kitenge kikuukuu, unatuwekea miguuni. Moto unabaki jikoni, joto linakuja kitandani.

Nikamfuata Mama Hadija, nikamwomba vyungu vyake viwili vikubwa. Nikavijaza mchanga na kuviinjika kwenye mafiga uani, kwa kuni. Mchanga ulipopata moto, nikabeba chungu kimoja kwa magunia hadi ndani, nikakiweka juu ya matofali na kusimamisha meza fupi juu yake. Pembeni ya meza nikaning'iniza vipande vya gunia, vikakaribia sakafu. Chungu cha pili kilibaki motoni kikingoja zamu yake. Dirisha moja nikaliacha wazi.

Mwanzoni joto lilizidi, vifaranga wakakimbilia ukutani. Nikakizungushia chungu gunia jingine. Kisha mmoja akapenyeza kichwa kati ya vile vipande, akaingia na hakutoka. Wenzake wakamfuata, na kelele zote zikaisha. Safari hii niliinama kuchungulia kabla ya kufurahi. Walikuwa wanasinzia.

Asubuhi Mama Hadija akaja na uso wa kunipa pole. Akainua gunia, akawakuta wamejitawanya, hawagombanii nafasi.

"Haya, mwenzangu," akasema, "nimenyamaza."

Kunyamaza hakunyamaza. Amenitangaza mtaa mzima, na sasa anataka nimtengenezee na yeye, kwa ajili ya vifaranga ambao mama zao amewauza mwenyewe.

Juzi umeme ulirudi. Taa nimeihamishia sebuleni, ndiyo ninayoandikia barua hii. Vifaranga wanaendelea na chungu chao, na wameanza kuota manyoya ya mabawa.

Nisalimie shangazi Tusajigwe, mwambie huku maharage ya kufanana na yake sijayaona. Kaka Ambakisye na wifi wasalimie sana, pamoja na bibi mkunga wa pale kanisani. Kaka asihangaike kunisafishia chumba. Nitakuja nikishauza, mama, na nitakuja na begi dogo.

Ni mimi binti yako, ninayenuka moshi na furaha,

Atupele