Siku Nilizoziruka

Nyumbani,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Presha imeshuka? Dawa unazimeza kwa wakati, au mpaka shemeji akufokee? Sisi ni wazima, ila moyo wangu hautulii.

Ni habari za Bosi, huyu binti yangu unayemdekeza. Mtaalamu wa viungo bado huja shuleni kwao kila Jumanne. Humnyoosha misuli ya miguu na kumfundisha kupanda ngazi kwa magongo, ndani ya stoo iliyoondolewa madawati. Mwakani ataingia darasa la nne, nalo liko ghorofani.

Sasa siku za mtaalamu zimepunguzwa, na Ijumaa kikao kitaamua watoto gani wabaki kwenye orodha yake. Mwezi uliopita wazazi tuliombwa taarifa za nyumbani. Unanijua mimi na shajara yangu. Nilinakili kwa mwandiko safi: tarehe 3, hatua arobaini, tarehe 11, ngazi zote sita bila kushikwa. Siku alizoanguka niliziruka. Bosi alikuwa ameniegemea begani akisoma kila mstari, nikaona haya kumwandika akiwa chini.

Jumanne mwalimu mkuu aliniita ofisini, akanipa mkono. "Hongera, mzazi. Kwa taarifa hii mwanao hana shida tena, ampishe mwingine."

Mtaalamu alinifuata hadi getini akanieleza kwamba misuli ile ikiachwa muhula mmoja itakaza upya. Nimerudi kwenye shajara nikahesabu: katika siku thelathini, ameanguka kumi na nne.

"Ulitaka sifa, si umezipata?" ndilo neno pekee aliloniambia wifi yako.

Nimeamua Ijumaa nipeleke shajara yote. Asubuhi nilimweleza Bosi, maana ameshalitangazia darasa zima kwamba yeye kahitimu. Alichezea mpira wa gongo lake, kisha akasema, "Sawa, Baba. Lakini ile ya kujikojolea usiwasomee."

Nimemwahidi. Sasa, Dada, ile ya tarehe 19, alipoanguka akiwahi choo, ndiyo inayoonyesha kuliko zote kwamba bado anahitaji msaada. Barua hii anakuletea jirani anayesafiri kesho. Ukiisoma nipigie simu kabla ya Ijumaa, uniambie, wewe shangazi yake, niisome au niifiche, maana mimi kama baba nimeshindwa.

Msalimie shemeji, mapacha na mama mkwe wako. Mungu awafunike kwa rehema zake.

Mdogo wako akupendaye sana.