Jiko Lililovuka Ua

Gojal,
Januari, theluji bado inaanguka

Mdogo wangu mpendwa Niyat Shah,

Ya Ali Madad. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Karachi, umeshiba na umekaa penye joto, maana joto la huko halidai kuni. Sisi huku tu wazima. Baba mzima, anakohoa kidogo. Mama mzima, ila magoti yanamsumbua kama kila baridi ikija. Simu hazishiki tangu theluji iangushe mnara, ndiyo maana nakuandikia. Barua ataichukua dereva wa kwanza atakayeweza kushuka.

Kuhusu mkeo Laili, najua macho yako yameshaanza kuruka mistari kumtafuta. Rudi hapa usome kwa utaratibu. Wifi yangu mwenyewe ameniagiza nikugombeze kwanza, habari zake zije mwisho, kwa sababu wewe ukipata la kukufurahisha masikio yanaziba. Basi tulia nikugombeze.

Niyat, ile nyumba ya saruji uliyotujengea haikaliki. Nilikwambia wakati wa msingi, nikakwambia tena zilipokuja zile nondo, ukanijibu kwamba mimi sijawahi kutoka bondeni, nitajua nini kuhusu nyumba. Haya. Mimi nisiyejua nyumba nimelala humo tangu vuli na koti mwilini na kofia kichwani. Maji ya ndoo yanaganda chumbani. Dari uliiweka juu kana kwamba tunafuga twiga, na joto lote linapanda huko kukaa peke yake. Vyumba vinne, jiko moja la bati la kuni, nalo umeamuru likae sebuleni kwa wageni! Wageni gani Januari? Hata mbwa wa jirani hatoki kwao.

Na bomba la moshi je? Nyumba zetu zote bomba hupanda wima likatokea kwenye tundu la paa, hata mtoto anajua moshi unataka kwenda juu. Wewe ukamwandikia fundi Hurmat kwamba paa la saruji lisitobolewe, bomba lipindwe viwiko viwili litokee dirishani, upande wa nyuma, ili watalii wakipiga picha nyumba isionekane kama kibanda. Hurmat akatii, kwa kuwa ulimwambia ndivyo wafanyavyo mjini. Upepo wa kutoka kwenye barafu ukivuma, moshi wote unarudi ndani. Tukifungua dirisha tunaganda, tukilifunga tunakohoa. Kuni za mierebi tulizozipanga zitufikishe masika zimeshakwisha nusu, na kuta bado zinatoa jasho la baridi.

Kinachonikera zaidi ni Baba. Jirani akiuliza, anajibu huku midomo imegeuka buluu kwamba nyumba ya mwanawe ina joto la kutosha, asante. Mama alimwomba turudi nyumba ya zamani kwa muda tu. Akasema hapana, watu watacheka, kijana ametoka jasho miaka mingapi kwa ajili yetu. Nyumba ya zamani ikakaa tupu hatua chache kutoka mlangoni, ikingoja uibomoe upate pa kuegesha gari. Gari lenyewe hujanunua.

Sasa sikiliza yaliyotokea Ijumaa. Uchungu ulimshika Laili asubuhi, na upepo ukaamka naye. Nilimkimbilia Shangazi Mehrnigor, akaja na kifurushi chake cha ukunga. Alipoingia sebuleni moshi ulikuwa umeshuka hadi usawa wa kiuno. Laili alikuwa sakafuni juu ya lile zulia lako jeupe, machozi yanamtoka, hajui analia uchungu au moshi. Shangazi akakohoa, akafuta macho, akamgeukia Baba: "Kaka, nimeitwa kuzalisha au kukausha nyama?"

Baba akaanza kusema upepo utatulia. Shangazi akamwambia mtoto hasubiri upepo, na kwamba yeye hapokei kiumbe mahali ambapo pumzi yake ya kwanza itakuwa masizi. Mimi nikasema nyumba ya zamani haina jiko, jiko ni moja tu na linawaka. Akasema, "Basi libebeni likiwaka."

Nilimwona Baba anavyoitazama ile sebule yako, viti vyako, mapazia. Kisha akavua kanzu yake kubwa ya sufu, akamfunika Laili, akaniambia, "Nasab, lete beleshi."

Makaa tuliyachota tukayatia kwenye karai. Mama akang'oa bomba kwa vitambaa mikononi, masizi yakamwagika yote juu ya zulia. Usiniulize kuhusu zulia. Tukawaita Hurmat na mkewe, tukapitisha miti miwili chini ya jiko, Baba na Hurmat mbele, mimi na mke wa Hurmat nyuma, tukavuka ua, theluji magotini, bati likichemka likilia kila chembe ya theluji ilipoligusa. Hurmat aliteleza mara moja. Baba akamfokea, "Ukiliangusha nitakuweka wewe badala ya kuni!" Sijamsikia Baba akifoka kwa raha namna ile tangu nikiwa msichana.

Jiko tuliliweka katikati ya nyumba ya zamani, makaa yakarudi ndani yake, bomba likapanda wima kwenye tundu lake, na moto ukavuta mara moja kama mtu aliyebanwa shingo akaachiwa. Shangazi na Mama wakamwingiza Laili, na kabla chai ya chumvi haijachemka nilikuwa nimevua koti.

Haya, nimemaliza kukugombeza. Una binti, Niyat. Alizaliwa alasiri ile ile, kwenye jukwaa la kulalia la upande wa akina mama, ambako wewe na mimi tulizaliwa. Alitoka kitovu kimemzunguka shingoni, kimya, rangi ya jivu. Shangazi alimsugua mbele ya mlango wa jiko, akamsugua. Halafu mtoto akalia. Shangazi ameniambia nje, Laili asisikie, kwamba kule kwenye saruji asingalilia. Ndiyo sababu nina hasira, mdogo wangu. Jina tumekuachia wewe. Laili anakula uji wa unga na siagi, na anacheka.

Sebule yako haikai bure. Tumetundika humo nyama ya msimu wa baridi, haiozi kabisa.

Mama anakubusu macho, Shangazi anakusalimu, Laili anasema njoo. Baba hataki kukuandikia mwenyewe, bado ana haya. Ila amenituma nikwambie kwamba nyumba ya zamani haibomolewi, na ukitaka kubishana naye, uje mbishane Januari.

Akuhifadhi Mola huko uliko.

Mimi dada yako,
Bibi Nasab