Moto Usio na Tindikali

Mkuza, Kibaha,
9 Februari 2025.

Mpendwa mwanangu Yassin,

Marahaba, kwa shikamoo uliyonitumia kwa simu. Natumaini wewe, Swaumu na watoto mnaamka salama huko Tunduru, na mvua zimewatosha. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, na kile kiungulia changu cha miaka yote.

Ni kiungulia hicho kinachonifanya niandike badala ya kupiga simu, kwa kuwa kwenye simu ungenikatiza. Baba yako mdogo Abeid anatangaza kwamba umeomba likizo, unakuja kummaliza mama yako mdogo Tunu, mke wa baba yako. Soma kwanza mpaka mwisho.

Baba yako alipoanza kuungua kifuani, mwezi wa Oktoba, mimi ndiye niliyemnunulia vidonge duka la dawa hapa Kwa Mathias, vile ninavyotumia mwenyewe. Nikamwambia mbele ya watu kwamba kama ni kiungulia, wiki mbili hazitaisha kabla hajapona. Zilipita sita. Akawa anajipiga ngumi kifuani hadi ngozi ikachubuka. Neno langu likageuzwa hukumu: dawa imemfaa dada, yeye imemkataa, basi pana mkono wa mtu, na mkono unaompikia ni mmoja.

Wewe ukampigia Abeid, ukamwambia wamtoe huyo mwanamke kabla hajammaliza mzee. Hukuona alivyotolewa. Nilifika Kisarawe, kwa baba yako, saa nne asubuhi, mara yangu ya tatu kukanyaga ardhi ile tangu tulipohamishiwa vijiji vya ujamaa mwaka sabini na nne. Baba yako alirudi, mimi sikurudi. Njiani nilikuwa nikiuwaza mkorosho wa mama, kama bado upo. Nilichokuta ni jiko la Tunu linawaka, na Abeid, mdogo wetu, akimpiga kwa mpini wa jembe. Mkono wa kushoto ulivunjika mara mbili. Kwa pigo la pili niliusikia mfupa. Kisha akamkaba na kumlazimisha anywe uji uliotoka motoni, aonyeshe kwamba hauna kitu. Kidevu kimebaki na kovu. Baba yako alikuwa mlangoni, ameshika kifua, akitazama.

Niliwachukua wote wawili. Tunu alifungwa plasta, nikamleta kwangu. Baba yako nikampeleka Dar, kwa Daktari Ipyana. Moyo ulipimwa kwanza, ukaonekana mzima. Kisha kamera ikateremshwa kwenye umio, njia ya chakula: laini, hauna kidonda wala alama ya kitu cha kuunguza. Wangu ulipochunguzwa miaka ile ulikuwa na vidonda, maana kwangu mimi tindikali ya tumbo hupanda kweli. Mwisho akapitishiwa puani mpira mwembamba wa kupima tindikali, siku nzima, na kitufe cha kubonyeza kila anapoungua. Alibonyeza mara kumi na tisa. Tindikali ilikuwa ya kawaida, na alipobonyeza haikuwa imepanda.

Haya ni maradhi mawili yenye sauti moja. Langu ni la tindikali, na vidonge huizuia. La baba yako ni la mishipa ya fahamu ya umio, ambayo imekuwa nyepesi mno, inapiga kelele ya moto pasipo moto. Maumivu yake si ya uongo, ila vidonge vyangu havikuwa na cha kuzima. Amepewa dawa nyingine, dozi ndogo, ya kuituliza hiyo mishipa.

Abeid aliposomewa majibu alisema hospitali haioni kila kitu. Nikamjibu kwamba hata mpini wa jembe hauoni. Yuko nje kwa dhamana. Shahidi ni mimi.

Jumapili iliyopita baba yako alikuja hapa. Tunu alimletea uji kwa mkono mmoja, na kama ilivyo desturi yetu, akainua kikombe aonje kwanza mbele yake, kuondoa shaka. Baba yako alikichukua kabla hakijamfika mdomoni, akanywa. Kufika nusu, akashika kifua. Tunu akarudi nyuma, ameinua plasta kukinga uso.

"Inaungua, Tunu," akasema. "Niongeze."

Kwa hiyo njoo, mwanangu, lakini uanzie hapa Mkuza, na uje mikono mitupu. Alichotendewa Tunu kilianzia kinywani mwangu na kwenye simu yako. Mimi nimeshamwomba radhi, na magoti haya yalifika chini. Sasa ni zamu yako. Uji utaukuta, na hautaonjwa kwanza.

Nisalimie Swaumu, na mjukuu wangu Hajra. Mungu akufikishe salama, na moyo wako aupoze kabla hujafika.

Shangazi yako akupendaye,
Mwanahalima.