Masikio ya Mbao

Mtaa wa San Paolo,
Vercelli.
21 Novemba 1998

Mpendwa Baba Mdogo Delio,

Barua hii ikukute mzima, wewe na Mama Mdogo Sheila na vijana wenu. Huko Adelaide najua joto linaanza. Huku ukungu umeshuka tangu juma lililopita, na kutoka dirishani pangu hata mnara wa kanisa siuoni. Mgongo wako unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema daktari amekukataza kubeba matofali. Tafadhali mtii, usijifanye kijana.

Mimi mwili hauna neno. Mama bado analalamikia goti, na akisikia nafuu kidogo anapanda ngazi kufuta vioo, kisha analalamika upya. Mpunga ulivunwa kabla ya mvua, kwa hiyo kinu kinakoboa mchana kutwa na baba anarudi na vumbi la pumba kwenye nyusi. Binamu yangu Tiziana amejifungua mtoto wa kike, wamemwita Agata. Ana mapafu ya mnadi wa sokoni.

Umeona anwani yangu imebadilika. Sikai tena nyumbani, nimepanga chumba juu ya duka la mkate. Sababu ya kuhama ndiyo sababu ya barua hii, na wewe umo ndani yake, Baba Mdogo. Kwa hiyo tafuta kiti ukae.

Mwaka jana nilikwambia kwenye simu kwamba nimepata wazimu mpya. Nilikuwa nimekwenda Torino kumtafutia mwenzangu wa kazini zawadi ya harusi. Mvua ikanifukuza hadi kwenye duka la santuri kuukuu nyuma ya soko la Porta Palazzo. Mwenye duka, Gualtiero, jitu nene lenye sauti ya padri, alikuwa anapiga santuri moja ya miaka ya sabini. Ilianza na kinanda peke yake, polepole, nikadhani ni misa. Mara gitaa likaingia kwa kishindo, ngoma zikatoka mbio kama mtu anayefukuzwa na mbwa, kisha vyote vikanyamaza ikabaki filimbi moja tu. Nikadhani wimbo umekwisha. Kumbe haujafika hata nusu.

Gualtiero akaniona nimesimama katikati ya duka, mwavuli unachuruzika sakafuni.

"Dada, unanunua au unataka kupanga chumba?"

"Hawa ni Waingereza?" nikamuuliza.

"Waingereza! Hawa ni watoto wa hapa hapa Italia, wana wa washona viatu na wauza jibini. Walifuga nywele mpaka mabegani, na kila mmoja aliamini kinanda amefundishwa na malaika. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Ondoa mwavuli huo, unanilowanishia wafu wangu."

Tangu siku hiyo kila nilipopata Jumamosi nilipanda treni kwenda Torino. Gualtiero akanifundisha kusikiliza. Wa Genova wazito, wenye giza. Wa Napoli wametia humo vilio vya vichochoro vyao. Wa Milano wana adabu ya darasani hata wakipiga kelele. Akanionyesha na ndugu zao wa pembeni, wale waliochanganya roki na jazi, na wengine waliochukua zumari za wachungaji wakaziunganisha na umeme. Nilikuwa kama mtu aliyeambiwa nyumba yake ina ghorofa nyingine ambayo hajawahi kuipanda.

Nikakupigia simu wewe. Katika ukoo mzima ni wewe tu uliyekuwa ukiniuliza ninasikiliza nini, ni wewe uliyenitumia kaseti kutoka huko. Nilikuuliza kama enzi za ujana wenu mlipata kuusikia muziki huo. Unakumbuka ulivyonijibu? Mimi nakumbuka neno kwa neno.

"Ah, mwanangu, mambo hayo yalikuwa ya mijini. Sisi watu wa mpunga tulicheza walzi kwenye sikukuu ya parokia, basi."

Nilikuamini. Nilikuhurumia hata, kwamba ujana wenu ulipita kando ya kitu kizuri namna ile.

Mwezi wa tisa Gualtiero akatoa chini ya meza santuri iliyofungwa kwa kitambaa. Akasema hiyo haiuzwi, hata Wajapani wanaomwandikia kila mara amewakatalia. "Leo nakuonyesha kwa sababu ni ya watu wa kwenu. Wa Vercelli. Walitoa hii moja, wakapotea kama chumvi kwenye maji."

Jina la bendi lilikuwa Il Pozzo di Ginepro, Kisima cha Mreteni. Kwenye jalada kulikuwa na vijana watatu wamesimama ndani ya shamba la mpunga lililojaa maji, suruali zimekunjwa magotini. Wa kulia sikumjua. Wa kushoto alikuwa na vijiti vya ngoma kiunoni na masharubu yaliyokuwa bado yanajaribu kuota. Huyo alikuwa wewe. Wa katikati alikuwa na nywele hadi mabegani, na kati ya nywele hizo masikio mawili yamechomoza nje kama vishikio vya sufuria. Masikio hayo ninayo mimi pia.

Nikasema, "Huyu ni baba yangu."

Gualtiero akacheka. "Na mimi ni mtoto wa Papa."

Nikamtolea kitambulisho. Akasoma Garbero, akageuza jalada, akasoma Ottavio Garbero, kinanda, na Delio Garbero, ngoma. Akaacha kucheka. Aliiweka santuri kwenye mashine, akaenda kufunga mlango wa duka.

Baba Mdogo, mimi sitakueleza jinsi inavyosikika, wewe ulikuwamo. Nitasema tu kwamba baba anapoanza upande wa pili, pale anapopiga kwa mkono wa kushoto peke yake na wewe humfuati mpaka amechoka kukungoja, nilikaa chini sakafuni mwa duka la watu. Si kwa uzuri wake, ingawa ni mzuri. Niliikumbuka siku ya mazishi ya Bibi.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Sista Ilde alikuwa amenifundisha kinanda cha parokia, akataka niingie shule ya muziki. Baba akakataa. Alisema katika nyumba hii hakuna aliyezaliwa na sikio la muziki, na kwamba Sista ananidanganya kwa wema. Wewe ulikuwa umekuja kumzika mama yako. Nikakufuata uani, nikakushika mkono, nikakuomba uzungumze naye. Ulicheka, ukanibonyeza pua.

"Baba yako anajua anachosema. Sisi akina Garbero tuna masikio ya mbao."

Ukapanda ndege ukaenda zako. Mimi nikasomea uhasibu. Leo napokea simu za wenye meno mabovu kwa daktari wa meno, na kwa miaka yote hii nilipohisi vidole vinawasha nilivikemea, nikiviambia ni mbao tu.

Gualtiero aliniazima santuri. "Ukiikwaruza usirudi," alisema, lakini aliifunga mwenyewe kwa mikono miwili.

Jumapili, mama alipokuwa anapakua panissa, ule wali wetu wa maharage, niliiweka kwenye mashine ya sebuleni nikaja kukaa mezani. Kinanda kikaanza. Mama alisimama na upawa hewani. Baba hakuinua kichwa. Ila vidole vyake, Baba Mdogo, vilianza kutembea pembeni mwa meza. Sidhani aliviona.

"Zima," akasema.

"Nani anapiga kinanda, baba?"

"Marzia, nimesema zima."

"Kuna watu Japani wanaitafuta santuri hii."

"Wajapani hawakuwepo siku ile."

Mama akaweka upawa chini. "Ottavio, mwambie. Ni mtu mzima sasa."

"Na wewe ulijua?" nikamuuliza mama.

"Mwanangu, mimi nilimpenda baba yako kwa sababu ya kinanda hicho. Nitaachaje kujua?"

Basi baba akanieleza. Kwa kusitasita, akitazama sahani yake. Tamasha la kiangazi kando ya ziwa la Viverone, watu wakingoja bendi nyingine kubwa, nyinyi mkapandishwa kwanza. Mbinja zikaanza kabla hamjamaliza wimbo wa kwanza. Kisha madongo ya udongo yenye nyasi. Dongo moja likaanguka juu ya vidole vyake, naye akainuka akaondoka katikati ya wimbo. Kinanda akakiacha pale pale jukwaani. Alisema siku ulipoondoka kwenda Australia mlipeana mikono kwenye jukwaa la treni kwamba jambo hilo limezikwa, na watu wa mtaani, kuanzia kinyozi hadi padri, waliombwa mmoja mmoja wasilitaje. Na hawakulitaja. Mji mzima, Baba Mdogo, ulinitazama nikikua na ukafunga mdomo.

"Sikutaka wakupigie mbinja na wewe," alisema baba.

Ningeweza kulikubali hilo. Mzazi akiungua hamruhusu mtoto kusogelea jiko. Lakini nilimuuliza, "Na Sista Ilde? Kweli alinidanganya?"

Hapo aliisukuma sahani yake pembeni.

"Sista alikuja hapa jikoni," alisema. "Alisema hajawahi kupata mwanafunzi kama wewe. Alinijua tangu nikiwa mdogo, yeye ndiye aliyenifundisha. Akasema una sikio kupita langu."

"Halafu?"

"Halafu niliona wivu. Unataka nikudanganye tena? Niliona wivu."

Mama alilia. Mimi sikulia. Nilitoa santuri kwenye mashine, nikaifuta, nikairudisha kwenye jalada lake, na kabla juma halijaisha nilikuwa nimehamia huku.

Sasa nasoma muziki. Jioni baada ya kazi nakwenda kwa mwalimu mmoja, Bwana Casimiro, ambaye wanafunzi wake wengine wote miguu haifiki chini wakikaa. Siku ya kwanza kibinti kimoja kiliniuliza, "Shangazi, umekuja kumchukua nani?" Nikamwambia nimekuja kujichukua mwenyewe. Vidole vyangu ni vigumu. Mwalimu anasema sikio ni zuri sana lakini mikono imechelewa, na kwamba kuna vitu mkono hujifunza utotoni tu. Alilisema kwa upole. Nilikwenda nalo nyumbani likanikaa kifuani kama tonge lililokwama.

Baba alikuja mara moja. Alisimama mlangoni na mfuko wa mchele mpya, ukungu umemlowesha kofia. Nilipokea mchele nikamshukuru. Akachungulia nyuma yangu, akakiona kinanda kidogo nilichokodi, akauliza kama kinashika sauti vizuri. Nikamwambia kinashika. Sikumkaribisha ndani. Nilimsikiliza akishuka ngazi, na sijajua bado kama nilifanya vema, ila nisingeweza kufanya vingine.

Yeye angalau alinitazama usoni akasema wivu. Wewe, Baba Mdogo, ulinichekea. Kila Krismasi uliniuliza, "Unasikiliza nini siku hizi?" nami nikakimbilia kukueleza, na wewe ukanisikiliza kama mtu anayeonjeshwa chakula alichokipika mwenyewe. Sijui ulikuwa unajifurahisha au unajitesa. Vyovyote vile nilikuwa nakueleza siri zangu, na mwenzangu ulikuwa umefunga mlango kwa ndani. Baba alinikatalia, lakini sikuwahi kumdhania vingine. Tegemeo langu ulikuwa wewe.

Nakutaarifu pia kwamba Wajapani wanataka kuitoa santuri hiyo upya. Fulvio, yule wa kulia, mwimbaji wenu, yuko hai, anafuga nyuki milimani, naye amekubali. Baba amekataa. Watakuandikia na wewe. Sikwambii ujibu nini. Nimechoka na watu wa ukoo huu kuamuliana.

Salamu zangu kwa Mama Mdogo Sheila, ambaye sidhani alijua lolote, na kama alijua, msalimie hivyo hivyo. Wasalimie Bruno na Keith, mwambie Keith picha yake ya farasi nimeibandika ukutani. Tiziana na mtoto Agata wanakusalimu. Mama anakusalimu. Baba hajui kwamba nakuandikia.

Mungu akulinde huko uliko na akupe mgongo usiouma. Usinipigie simu Krismasi hii. Niandikie kwa mkono wako, na usiandike radhi, kwa sababu sina pa kuiweka sasa. Nijibu jambo moja tu, maana baba nimemuuliza akasema hakumbuki, na watu wa mtaani hawakuwepo. Siku ile pale Viverone, kabla ya mbinja na madongo, wewe uliyekuwa umekaa nyuma yake ukimsikia kila kidole: alikuwa anapiga vizuri?

Mwana wa kaka yako, akupendaye bado, ingawa kwa shida,

Marzia