Mifupa ya Kuku wa Krismasi

Ndabibi, Alhamisi, 26 Desemba 1957

Manyunyu tangu asubuhi, na baridi ya kuingia mifupani. Tumemzika Kaniki, mbwa wetu, nyuma ya stoo ya kuni. Wageni wako sebuleni wanaongea kwa sauti ya chini. Mimi nimejificha jikoni na daftari hili.

Nilikuwa nimejipanga. Jana, kabla watu hawajafika, nilimfungia stoo na maji na gunia lake la kulalia. Watoto wengi humtia wasiwasi, na kungekuwa na mifupa ya kuku wa sikukuu. Mwaka jana mbwa wa jirani alikufa kwa mfupa wa kuku aliyepikwa. Mfupa huo hupasuka kama kioo, unamchoma mnyama ndani.

Lakini baba mkwe, aliyetoka Subukia na debe la maharagwe kichwani, alimsikia akikwaruza mlango. Akamfungulia.

“Hata mbwa ana Krismasi yake,” alisema, watu wakacheka. Akaketi kwenye kigoda, akampa mifupa mmoja mmoja, akimsifu kwa kila mfupa.

Niliona yote nikiwa na sufuria mkononi. Lakini utamwambiaje baba mkwe “acha” mbele ya wageni? Nilimnong’oneza mume wangu.

“Mwache mzee,” akasema. “Huja mara moja tu kwa mwaka.”

Nikarudi kuosha vyombo.

Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyofanya. Niliosha vyombo.

Leo kulipopambazuka Kaniki alikuwa anatapika damu. Mume wangu, ambaye ni karani wa shamba hili, alikimbia hadi nyumba ya mwenye shamba kuomba gari. Nyumba imefungwa, wameenda sikukuu. Daktari wa mifugo yuko mbali, Naivasha, na nani angefungua mlango leo kwa ajili ya mbwa wa karani? Nilimpa uji mwepesi, ukatoka. Nikampa maji kwa kijiko, yakatoka. Sikuwa na kitu kingine. Nikamshika kichwa tu.

Baba mkwe akaja akachuchumaa karibu yetu. Akamshika Kaniki sikio.

“Mama Ruth,” akaniita kwa jina la binti yangu, “ni ile mifupa niliyompa?”



“Hapana, Baba. Ni uzee tu.”

Akatikisa kichwa polepole. Akavua koti lake la kanisani, akamfunika nalo. Kabla ya saa sita Kaniki akakata roho. Mzee alikataa koti litolewe, tukamzika mbwa nalo.

Kaniki alikuwa na miaka mitatu.

Kesho mzee anarudi Subukia. Je, aliniamini? Au anajua nilimdanganya, na amenyamaza kwa heshima, kama mimi nilivyonyamaza jana?