Ubao Uliofunikwa Turubai

Bugarama
Jumapili, 9 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje tangu matanga? Mimi mwili ni mzima, ila bado nasonga ugali wa watu wawili.

Umeagiza nilete vitu vyote vya marehemu Doto kwa siku ya kuvigawa. Nguo na redio nitaleta. Nakuomba kimoja tu kibaki huku: ubao wake wa kuoshea mchanga wa dhahabu.

Mbao za hapa mwaloni, tunapooshea, zilikuwa namna moja miaka mingi: zimelala, juu zulia la kunasia dhahabu. Doto ndiye aliyeanza kukaa na akina mama wanaoosha tena mchanga tuliokwisha kuutupa, akiwauliza wanaona nini. Mama Shija alimtania kwamba anauliza kama karani wa sensa, lakini akamwonyesha: maji yakikimbia, dhahabu ndogo huondoka nayo. Doto akapigilia vijiti chini ya zulia, vikawa kama ngazi. Tukaanza kupata kilichokuwa kikipotea. Majirani wakaja kutazama.

Hapo nilikosea, Mama. Nilimwambia, "Funika. Wakijua, sisi tutabaki na nini?"

Akajibu taratibu, "Kaka, hata mimi niliambiwa na akina mama."

Lakini kwa kuwa nilimtangulia kuzaliwa, alitii, akaufunika turubai.

Tangu hapo hakuna aliyemwambia neno. Akipita, watu wananyamaza. Alihangaika peke yake mpaka homa ikamchukua, ubao ukiwa vilevile. Sasa watu wa kila duara, kila shimo la kuchimbia, wanaficha chao. Mawe laini ya juu yamekwisha, tumefika kwenye mwamba. Hata jambo dogo linahitaji vichwa vingi, na sisi ndio tumetengana. Wengine wanasema ujuzi umefika mwisho wake. Sidhani. Tumeacha kuambizana.

Jana niliondoa turubai mbele ya watu. Mama Shija aliinama, akautazama sana, kisha akasema, "Kijiti cha pili kiko juu mno. Ningemwambia."

Nilimpa nyundo.

Ukikubali, Mama, ubao ubaki wazi, kila mtu aushike. Ukikataa nitauleta, sitanung'unika.

Nisalimie baba mdogo anayetuchungia ng'ombe, na dada Holo aliyekuuguza. Mkisali jioni mkamtaja Doto, nami mnikumbuke.

Mwanao,
Kulwa