Picha yangu ya kwanza Songo Mnara

Dada Somoe, shikamoo.

Gazeti limenituma huku, kazi yangu ya kwanza ya picha. Mashua ya wavuvi haijarudi tangu juzi. Wake zao wamekaa ufukweni, nami nilishindwa hata kuitoa kamera mkobani. Nilikumbuka kandambili za marehemu mume wangu, zilivyobaki mlangoni siku ile.

Mke wa nahodha akanitania, "Bibie, kamera hiyo pambo? Nipige sasa, nina mume. Nikiingia eda hutaniona."

Akajifunga vizuri mtandio, akatabasamu. Nikampiga picha.

Picha inatoka gazetini kesho. Naogopa, dada. Mwombeeni mumewe aione. Nawakumbuka nyote, na watoto nibusieni.

Mdogo wako, Zuhura